Mkono Kwenye Bega la Marehemu

Benchi yangu ina miguu mitatu na tofali, na kila asubuhi inabeba watu ambao hawajawahi kuniletea hata kiatu kimoja. Mimi ni fundi wa viatu, naangaliana na kibanda cha Nangila, hapa nyuma ya nyumba za zamani za reli, Nakuru. Nangila anauza chai na mandazi, mimi nashona soli, na hawa wengine wanakuja kuihukumu nchi.

Jumatano hiyo gazeti la Jumatatu lilikuwa mikononi mwa Wakili. Jina lake ni Maxwel, na mahakamani aliingia mara moja tu, shahidi wa mbuzi aliyeibwa, lakini tangu siku hiyo akitaka kusema jambo hushika kola ya shati. Gazeti hulianza kwa nyuma, kwenye kurasa za vifo. Anasema anaangalia kama yumo.

"Simo," akatangaza. "Haya. Hiram wa Subukia, dereva mstaafu, mume wa Waithera, baba ya Mugure. Mazishi Jumamosi nyumbani kwake." Akalivuta gazeti hadi puani. "Ai. Wazee, kujeni muone hii kitu. Huyu marehemu ameshikwa bega."

"Na nani?" akauliza Mzee Reli. Huyo ni Makhanu. Babake alifanya kazi kwenye treni, na yeye huisimulia reli kama shamba la ukoo.

"Hapo ndio kesi iko. Mwenyewe amekatwa. Kumebaki mkono."

Tukainama wote. Nangila naye akaja na mwiko wake. Kweli, mzee alikuwa ametabasamu vizuri ndani ya suti ya kijivu, na begani mwake vilikuwa vimelala vidole vinne vya mwanamke, laini, vyeupe, virefu, kucha nyekundu.

"Hizo kucha hazijawahi menya kiazi," akasema Nangila.

"Labda ni bibi yake," nikasema mimi, kwa kuwa mtu mmoja lazima awe na akili.

"Bibi wa Subukia? Mwenye kahawa na ng'ombe? Fundi, wewe shona viatu."

"Marehemu alikuwa dereva wa lori," akasema Mzee Reli polepole, akipuliza chai. "Na dereva hulala Salgaa, pale kwenye malori na baa."

"Sio kila dereva, mzee," nikasema.

"Nimesema hulala. Kulala ni dhambi?"

"Mzee unapanda magugu na jembe la kupalilia umeshika mkononi," Wakili akamwambia.

"Mimi naona huyo ni wa Naivasha, kwa mashamba ya maua," akasema Nangila. "Mikono laini hivyo ni ya kushika maua."

"Maua iko na miiba, Nangila. Huyu hajui mwiba. Huyu ni wa ofisi," akasema Wakili.

"Ofisi gani watu wanashikana bega?"

"Hujaenda ofisi wewe."

Kabla chai ya pili haijachemka, marehemu alikuwa ameshapewa wanawake watatu, mtoto mmoja wa pembeni na nyumba ya kupanga Salgaa. Nikaona aibu kidogo kwa niaba yake. Sikuwazuia lakini, maana hata mimi nilitaka kujua.

Aliyekuwa kimya ni Fleshi peke yake. Jina lake la nyumbani ni Jamleck, mpiga picha asiye na bosi wala studio. Studio yake ni begi la mgongoni na shuka la bluu. Utamwita kwako, atalitundika shuka ukutani, atakukalisha kwenye stuli na kukupiga, kisha atakwenda kukuediti. Hapo kwa kuediti ndipo sifa yake ilipotokea. Anaondoa chunusi, kipara na mwaka wa kuzaliwa. Alimpiga Mzee Reli picha ya kanisa, na fremu ilipofika nyumbani mkewe aliuliza huyu kijana ni wa nani.

"Fleshi, mbona umenyamaza kama shahidi wa serikali?" akauliza Wakili.

"Hiyo picha ni yangu," akasema Fleshi. "Angalia nyuma yake. Hilo shuka ni langu."

Wakili akashika kola.

"Na bibi ya huyo mzee amenipigia saa mbili. Ametoka Subukia, anakuja hapa. Anataka nimwambie mkono ni wa nani. Amesema hatatupa mchanga kwa kaburi kabla ajue."

"Mwambie basi."

"Sikumbuki, buda. Ni kitu miaka mitatu. Nimepiga mabega mangapi? Na programu za mazishi ni mimi nimepewa na shemeji yake. Zinaingia kwa printa saa sita, na hapo mbele kabisa ni hiyo picha, na hiyo mikono."

"Vidole," akasahihisha Wakili.

"Na hata ningekumbuka, singesema. Mteja akikaa kwa stuli yangu, mambo yake inabaki kwa stuli. Kuna mtu wa hapa hapa nimempiga picha ya familia mara mbili, na familia si moja."

Sote tukamtazama Wakili.

"Msiniangalie. Mimi nimeshika gazeti tu."

"Nikitaja mwenye huo mkono, nani ataniita kwake tena?" Fleshi akaendelea. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nikikosa kutaja, huyo mama atasusia maiti mbele ya kijiji mzima, na kamera itakuwa kwa mkono yangu. Watu watasema ni Jamleck aliharibu matanga."

"Sema ni mkono wa nesi," Wakili akamshauri.

"Nesi wa kucha nyekundu?"

"Sema ni malaika," akasema Mzee Reli.

"Malaika wa kanisa gani, mzee?"

Nangila akagonga sufuria kwa mwiko. "Nyinyi wanaume mkikosa ukweli mnaita malaika. Fungua hiyo kompyuta utafute. Huyo mama ametoka matanga asubuhi, pengine hata hajakunywa chai. Usimdanganye kwa kibanda changu."

Fleshi akatoa kompyuta yake begini, Nangila akamwazima stima. Tukaona mafaili yake, na hapo nikajua kwa nini huyu kijana hapati vitu vyake. Haandiki majina ya wateja. Kila faili ameliita kwa chakula alichopewa siku hiyo. Pilau ya Lanet. Samaki bila ugali. Chai tupu, watu wabaya. Akisoma hilo anakumbuka nyumba, anasema, na uso haumpotei.

"Subukia ulikula nini?" nikamuuliza.

"Nimeenda Subukia mara kumi, Fundi. Mukimo zote."

Alikuwa bado anazipekua mukimo zake mama alipofika. Mdogo wa umbo, kitambaa cheusi kichwani, mkono mmoja mfukoni mwa sweta, mwingine umebana gazeti lililokunjwa likabaki bega tu. Hakuuliza Jamleck ni nani. Akamsimamia.

"Ulikula kwangu," akamwambia.

"Ndiyo, mama. Pole sana, mama."

"Asante. Sasa niambie mkono ni wa nani."

Tukamwachia benchi nzima. Nangila akamwekea chai na mandazi mawili, akakataa pesa kabla hazijatajwa. Mama akaketi, akaongea akitazama barabara, kama mtu anayesimulia habari za jirani.

"Miaka thelathini na nne sikumuuliza alilala wapi. Alikuwa na lori. Mtu wa lori ukimuuliza utauliza mpaka lini? Sasa amelala mahali ninajua, na ndio nimeanza kuuliza." Akanywa kidogo. "Jana nilimpelekea nguo mochari. Suti, shati na tai. Soksi nikarudi nazo. Nikamwambia, wewe enda hivyo hivyo, yule wa kucha atakuletea. Yule kijana wa mochari akatoka nje akatuacha."

Mzee Reli akajifanya anakohoa. Mimi nikainamia kiatu, maana kicheko kilikuwa kimefika kooni, na nyuma yake kulikuwa na kitu kingine kisicho kicheko.

"Naomba Mungu nisijue," akasema mama. "Lakini nataka kujua."

"Nimepata," akasema Fleshi. Akasoma kabla ya kufikiri. "Mukimo, kuku mgumu."

"Mgumu?" akauliza mama.

"Ni jina tu, mama."

"Alikuwa jogoo mzee. Ulisema ni mtamu ukaongezwa."

Faili likafunguka. Picha ya kwanza, mzee na mkewe kwenye viti, mikono magotini, sura za watu wanaosubiri daktari. Mama akasema hiyo ndiyo iko ukutani kwake. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, mzee ameketi na nyuma yake amesimama mwanamke, uso laini, midomo inang'aa, na mkono wenye kucha nyekundu begani.

"Ndiye huyo," akasema Wakili kwa sauti ya chini.

Mama akasogeza uso karibu. Akaangalia sana.

"Huyu simjui," akasema. "Lakini amevaa sweta yangu."

Nangila akasogea na mwiko wake.

"Na hicho kitambaa pia ni changu. Nilipewa na Mugure."

"Kumbe alikuwa anamvalisha nguo zako," akasema Wakili. Nangila akampiga na mwiko. Alistahili.

Fleshi alikuwa amefumba macho. Nadhani alikuwa ameshakumbuka. Akabonyeza kitu, na picha ile ile ikarudi vile ilivyokuwa kabla hajaiediti. Mwanamke alikuwa pale pale alipokuwa amesimama, lakini sasa uso ulikuwa na mikunjo yake, na mkono begani ulikuwa mweusi, umepasuka kwa udongo, na kidole kimoja kimeishia katikati.

Mama akatoa mkono mfukoni, akauweka mezani kando ya kompyuta. Kile kidole kilikuwa kimeishia hapo hapo.

"Mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe," akatueleza, ingawa hatukuuliza. "Mwaka wa pili nikiwa nimeolewa."

"Mama, ni wewe," akasema Fleshi. "Siku ile uliniambia hiyo mikono niiangalie, isionekane ya shamba. Nikaenda mbele kidogo."

"Kidogo? Umeniotesha kidole."

"Pole, mama."

"Nilikuwa nimesahau kwamba nilisimama. Na mbona sikuiona hii?"

"Nilituma zote kwa simu ya mzee. Akasema ile ya viti ndio ya ukuta." Akatafuta kwenye simu yake, akamsomea. "Akaniandikia, 'Hii ya kushikwa bega usiprinti. Hii nitakaa nayo mimi.' Basi. Nafikiri shemeji yako aliipata kwa simu ya mzee, akakukata. Wanataka picha ya mtu mmoja."

Mama Mugure akacheka. Alicheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani, halafu katikati ya kicheko akaanza kulia, na Nangila akamshika. Sisi wanaume tukatazama barabara. Pikipiki iliyopita pale tuliitazama kama hatujawahi kuona pikipiki.

"Siku tatu," akasema alipopata sauti. "Siku tatu nimemnunia mwenzangu, na wivu wenyewe ni wa mimi na mimi."

"Hata sisi tulikosea, mama," akasema Mzee Reli, na nilimheshimu kwa hilo. Habari za Salgaa hakuzitaja, na nilimheshimu zaidi.

Mama akajifunga kitambaa upya. "Jamleck. Kwa programu weka hii ya kweli. Kidole kiishie kilipoishia. Na mimi usinikate."

"Shemeji amesema marehemu akae peke yake."

"Mwambie shemeji aje na makasi anikate mwenyewe."

"Sawa, mama. Na hii ya kucha nifute?"

"Ufute imekukosea nini? Nitumie kwa simu. Mimi tangu ile mashine sijakaa na vidole kumi." Akasimama, akamgeukia Nangila. "Soksi za wanaume nitapata wapi hapa? Zake ziko Subukia na sitaki kungoja mpaka nirudi. Nataka nzito. Huyo mtu miguu yake ilikuwa inashika baridi hata Januari."

Mimi sipendi kuacha kazi, na mwenye kiatu alikuwa anasubiri bila kiatu. Nikaiacha. Nikampeleka mama hadi kwa muuza soksi, akachagua jozi moja ya kahawia, akaingiza mkono ndani kupima unene, kisha akachukua ya pili. Nikambebea mfuko hadi njia ya mochari.

Niliporudi, Wakili alikuwa anamweleza mteja wa chai kwamba yeye alijua tangu mwanzo kuwa ni mkono wa bibi. Fleshi alikuwa anatengeneza programu, hajaongeza kitu wala kupunguza, na nilimwona akiivuta picha kubwa zaidi hadi ikajaza ukurasa.

Alipomaliza, Mzee Reli akavua kofia. Akaburuta stuli ya Nangila hadi ukutani, akaketi wima, mikono yote miwili magotini.

"Nipige moja," akasema. "Ya gazeti. Sisemi ni leo, lakini iwe tayari. Usiguse kitu, kipara kibaki, mke wangu anijue. Na nikae peke yangu kabisa, nisiache watu na maswali."

"Tulia hapo, mzee. Angalia mimi. Usipumue."

Mzee akatulia. Na Nangila, unga wa mandazi umemfika hadi kiwiko, akapita nyuma yake polepole, akamwekea mkono begani.

Fleshi akabonyeza.