Siri Iliyotoka Kwenye Kiatu

Jumatano mchana, kwenye viti vya plastiki nje ya ofisi ya mizigo ya Wangeci hapa Sanyuanli, mtaa wetu wa Waafrika ughaibuni, habari ilikuwa moja tu. Chuo cha ufundi anachosoma Imelda kimetangaza kwamba kuanzia sasa siri za wanafunzi zitalindwa kwa nguvu zote. Mimi mtu akiniambia ananilinda kwa nguvu zote, huwa napapasa mifuko kwanza.

"Ni jambo jema," alisema Jaffari, tunayemwita Profesa kwa kuwa shahada yake ya uzamivu iko mwaka wa saba na haina dalili ya kuisha. "Huo ndio ustaarabu."

"Profesa, usinitie hasira," Imelda akamkata. "Wamenipa arobaini na saba mtihani wa uhasibu. Nimeomba kuiona karatasi yangu, naambiwa kwa Kichina bu xing, haiwezekani, ni siri ya mwanafunzi. Nikawaambia mwanafunzi mwenyewe ndiye mimi. Wakasema ndiyo maana wananilinda."

"Wanakulinda na nani?" nikauliza.

"Na mimi."

Wangeci, jina la kijiweni Mama Kontena, akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. "Si mlianguka wengi hiyo paper?"

"Wengi. Tukauliza wangapi, tukaambiwa hata idadi ni siri."

"Hao wasee nawajua. Ukiuliza makosa yao, yanageuka siri yako."

"Cheka tu. Nisipofika hamsini kabla ya Ijumaa, ufadhili umekwisha, narudi Singida na begi langu."

Hapo ndipo Séverin, Mkongo wetu wa viatu, alipotokea kutoka soko la Zhanxi ameshika kiatu cha mguu wa kulia. Kule sampuli hutolewa mguu mmoja. Wenye maduka wanatujua.

"Ba rafiki, kuko kitu," akasema. "Laoban, mwenye duka, ananipa échantillon. Minaangalia ndani, banajaza ba papier. Minasoma jina: Imelda. Minajiuliza, si ni huyu wetu?"

Imelda akaikunjua ile karatasi magotini. Mwandiko wake, namba yake, na kwa wino mwekundu: sabini na nne.

"Yaani wameiuza kwa kilo kama takataka; mwenye nayo kakatazwa," nikasema, "kiatu kimeruhusiwa." Nilikuwa na hasira, sifichi.

"Bila miye, siri ingefika Lubumbashi," Séverin akajisifu.

"Ukiipeleka, watakuuliza umeipata wapi," Profesa akaonya.

"Si awaonyeshe kiatu?" Wangeci akadakia.

"Kiatu hapana. Minarudisha leo mangaribi."

Imelda alishasimama. "Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga," akasema, akachukua karatasi, akachukua na kiatu, akateremka kwenye metro. Séverin alibaki mikono kichwani.

Saa kumi na moja akarudi. Uso wake haukuwa wa kulia wala wa kucheka.

"Wamekubali ni sabini na nne. Karani aligeuza tarakimu."

Tukaanza kugongana viganja. Akainua mkono.

"Na kiatu yangu?" Séverin akauliza.

"Kielelezo. Kimebaki ofisini. Kuna kesi, na alama hazirekebishwi mpaka iishe. Wanasema kuna mtu kavunja siri ya mwanafunzi, kasoma karatasi yake bila kibali."

"Wamemkamata karani?" Wangeci akauliza.

"Karani ndiye mlalamikaji. Mshtakiwa ni mimi. Natakiwa nimwandikie huyo mwanafunzi barua ya kumwomba radhi, naye ajibu kwa maandishi kwamba amenisamehe. Yote kabla ya Ijumaa."

Profesa akatoa kalamu.

"Ya kuomba radhi tutaiandika sasa hivi," akasema. "Hiyo ya pili ndiyo naiogopa. Atakusamehe?"

Imelda akavuta kiti, akaketi, akajimiminia kahawa.

"Sijui, kaka. Yule dada wamemuumiza sana."