Ombi la Kupunguziwa Injini Moja

Bi. Anifa Jaha,
Kondoa.
9 Juni 1993

Ndugu Afisa Biashara wa Mkoa,
Dodoma.

YAH: KUOMBA INJINI MOJA KATI YA MBILI IONDOLEWE SOKONI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na ofisi yako ikiwa na amani. Nyumbani kwangu amani iliondoka tangu Idi, na ndiyo sababu nakusumbua.

Mimi ni mke wa Bwana Abdulnasiri, mnunuzi wa nafaka hapa Kondoa, mtu mpole ambaye hajawahi kugombana na kitu chochote ila mizani. Baada ya miaka mingi ya kukodi magari ya wenzake, Mungu amemjalia uwezo wa kununua pikapu ya kazi nzito, ya kubebea alizeti na ulezi kutoka vijijini. Alipanda basi kwenda Dodoma akiwa na furaha. Kwa bahati mbaya mwenye yadi ya magari alimwonyesha mbili. Zote nyeupe, zote za ukubwa mmoja, ila moja ni ya petroli na nyingine ni ya dizeli. Mume wangu alirudi na basi.

Zamani jambo hili lisingetokea. Ungeomba gari, ungesubiri kibali mpaka mvi zikutoke, na kibali kikija ungepewa lililopo, ukachinja mbuzi na kushukuru. Hakuna aliyekuuliza unapenda lipi. Hata sabuni ilikuwa aina moja, na tulikuwa tukitakata. Sasa biashara imefunguliwa, na kwa vile wewe ndiye mwenye ofisi inayoitwa ya biashara, naleta malalamiko yangu kwako. Nimeyapanga kwa namba ili karani wako asipotee.

1. Mume wangu amebaki na masikio ya magari tu. Gari likipita wakati tunakula, anainua kidole, tonge likiwa hewani, mpaka atakapotamka kama ni dizeli au petroli. Mwezi uliopita jirani yetu alifiwa na mama yake. Ndugu wa marehemu walipofika kutoka Babati wakiwa wamechoka na wanalia, mume wangu aliwafuata garini, na badala ya kuwapa pole aliwapongeza kwa pampu ya dizeli ya gari lao. Mpaka leo napita njia ya nyuma nikienda sokoni.

2. Kila mwanamume aliyewahi kupanda gari, hata kama alikaa juu ya magunia, amekuwa mtaalamu, na utaalamu wote unatolewa barazani kwangu kwa chai yangu. Shemeji yangu Makame ni wa petroli. Anasema injini ya petroli inawaka mara moja hata asubuhi za baridi kama hizi, haipigi kelele, na ikisumbua, fundi yeyote anabadilisha plagi safari inaendelea. Makame akiondoka, mume wangu ni wa petroli mpaka adhuhuri. Adhuhuri anafika rafiki yake Elisha, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyehamia hapa kutoka Mlali. Huyu anasema petroli ni ya watu wanaokwenda ofisini kukaa. Mwenye magunia anahitaji dizeli, inayopanda milima ya Kolo na mzigo wake bila kuhema, na tena haili mafuta hovyo. Elisha akiondoka, mume wangu ni wa dizeli mpaka Makame arudi.

Siku walipokutana wote wawili, Makame alisema mwenye dizeli ataombwa mafuta na kila mwenye mashine ya kusaga. Elisha akasema mwenye petroli ataombwa na kila mwenye pikipiki, na mwenye pikipiki ni bwana shamba, na bwana shamba hanyimwi. Mume wangu akavaa viatu, akazunguka mji mzima kuhesabu mashine na pikipiki. Zimelingana. Alirudi amenyong'onyea kama mtu aliyetoka kupimwa hospitali.

3. Mimi niliulizwa mara moja. Nilisema tuchukue yenye viti vizuri. Nikaambiwa viti si injini. Ni kweli, na sina kinyongo, ila sijaulizwa tena.

4. Binti yetu Zuleha ameposwa na Munir, mwalimu wa shule ya msingi kule Chemba, kijana wa heshima zake. Mume wangu aliapa mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba mwanawe hatatoka nyumbani kwa gari la kukodi. Atatolewa kwa pikapu ya baba yake. Tangu hapo harusi imeahirishwa, ikaahirishwa tena, na kila mara sababu ninayotuma Chemba ni injini. Mama yake Munir ameniuliza kwa upole kama huo ni ugonjwa wa kurithi. Godoro la maharusi limesimama ukutani, hina imekauka kwenye pakiti, na mpishi wa pilau amekwenda kwa wenye harusi za kweli. Munir mwenyewe alikuja wiki iliyopita, akatoa shikamoo, akakaa mkekani, akamwambia baba mkwe wake kwamba yeye yuko tayari kumchukua Zuleha hata kwa baiskeli.

Mume wangu alimtazama kwa huruma. "Baiskeli haina injini, mwanangu," akamwambia. "Ndiyo maana unaona mambo ni rahisi."

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Juzi tukichambua mchele, Zuleha aliniuliza, "Mama, mbona baba ameonyeshwa mbili, na mimi nimeonyeshwa Munir peke yake?" Ndugu Afisa, huyu Munir alimpenda mwenyewe, sisi tuliletewa habari tu. Lakini sasa anataka kujua kama kuna mwingine wa ukubwa uleule asiyekula sana. Na mimi, niliyepewa mume mmoja kama nilivyopewa sabuni moja, jana nilijikuta namtazama Baba Zuleha akisinzia barazani, nikajiuliza kama siku zile kulikuwa na aina nyingine. Niliogopa. Nampenda mtu huyu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuwaza kwamba yeye ni chaguo.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, uondoe injini moja nchini. Sisemi ipi, nikisema nitakuwa nimeambukizwa. Kama sheria haikuruhusu, basi mwandikie mume wangu barua iliyopigwa taipu, yenye muhuri, ukimwarifu kwamba amegawiwa pikapu ile iliyoegeshwa kushoto. Muhuri anauheshimu. Ukibakiwa na nafasi, tazama na suala la sabuni, kwani nimekwisha kusimama dukani mpaka mwenye duka akanipa kiti.

Nisalimie mkeo, watoto, karani wako, mlinzi wa getini, na wote wanaosubiri kwenye benchi la nje, ambao najua wapo.

Ni mimi, mwananchi wako katika taifa lenye vitu vingi mno,

Bi. Anifa Jaha (Mama Zuleha)

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mume wangu amerudi kutoka sala ya alasiri uso uking'aa kwa furaha. Amekata shauri. Ni petroli, na kesho anakwenda Dodoma kuichukua, harusi iwe Ijumaa ijayo. Nilimmiminia chai. Kisha nikamuuliza ni petroli gani hiyo itakayopandisha alizeti milima ya Kolo, na ni nani atakayeinywesha. Akakaa. Nimetuma mtu amwite Elisha. Tafadhali ombi langu lifutwe, wala usilete muhuri wowote, maana unaweza kuangukia ile isiyofaa. Chemba nimewapelekea habari kwamba tunaahirisha kidogo. Zuleha analia chumbani. Nimemwambia avumilie: mume amepata mmoja, hapo hakuna pa kukosea, lakini injini ni mbili.