Miwani ya Inspekta Liévin

Redio ya kinyozi ilitangaza kwamba mji wa Lubumbashi utawapima madereva wote wa taksi: macho, ujuzi wa barabara, na adabu. Atakayeshindwa hatabeba abiria tena. Nani atapima, wapi na lini, redio haikusema. Wateja wengine walisikia habari. Liévin, povu bado shavuni, alisikia kazi.

Liévin hakuwahi kufanya kazi ya kutoa jasho. Alikuwa na mdomo, tai moja, na hamu ya kuonekana mtu mkubwa. Siku hizo hamu hiyo ilimbana kuliko kawaida, maana alikuwa akimposa Chancelvie wa mtaa wa Karavia, na baba ya Chancelvie, Papa Alphonse, hakutaka mkwe anayefika kwake kwa miguu.

Kesho yake Liévin akatokea kwenye maegesho ya taksi katikati ya mji, faili kwapani, beji yenye utepe wa bluu kifuani. Usoni alivaa miwani mikubwa aliyonunua sokoni kwenye mitumba. Ilikuwa miwani ya kweli, ya mtu mwenye macho mabovu, na yeye macho yake ni mazima, kwa hiyo aliiona dunia kama moshi wa makaa. Lakini nani atamwamini inspekta asiye na miwani? Akaisalimia nguzo ya umeme kwa heshima zote, kisha akawageukia madereva.

“Miye njo inspekta wa examen ya taksi. Nani anaanza?”

Wakamsukuma mbele Papa Djafari, mzee wa miaka sitini, wa ukoo uliotoka Maniema, kofia nyeupe kichwani. Liévin akainua karatasi yenye herufi, akaelekeza kidole juu.

“Papa, ile ya yulu ni lettre gani?”

“Ya yulu ya nini?”

“Ya yulu ya karatasi!”

“Karatasi iko wapi?”

Madereva wakacheka hadi kushikilia milango. Djafari hakucheka. Miaka miwili sasa alizitambua barabara kwa mashimo yake. Aliwahi kuulizia miwani dukani. Bei ikamrudisha kwenye mashimo. Wajukuu wanne walikula kutoka kwenye taksi ile.

“Papa Djafari, umeanguka,” Liévin alisema kwa sauti ya msibani. “Lakini serikali iko na huruma. Utafanya examen ya barabara. Kila siku utanipeleka kwenye niko naenda. Ukiendesha muzuri mwezi muzima, nitakupa carte.”

“Na mafuta, nani atalipa?”

“Papa! Mwanafunzi analipisha mwalimu?”

Hivyo serikali, kwa huruma yake, ikaanza kupelekwa saluni, kupelekwa kunywa bia, kubebewa magunia ya makaa ya shangazi yake. Dereva haoni kwa sababu ya macho, inspekta haoni kwa sababu ya miwani. Walikwenda mwendo wa kupeleka maiti, na hilo ndilo lililowaokoa watu wa Lubumbashi.

Siku ya mwisho wa mwezi walisimama Karavia, mbele ya nyumba ya Papa Alphonse. Liévin alibeba furushi la samaki wakavu wa Pweto, zawadi ya ukweni. Mara iliyopita alikosa ngazi akamwangukia mama mkwe, basi leo alivua miwani akaiacha kitini. Beji nayo akaivua, kwa kuwa Papa Alphonse, mwalimu mstaafu, alisoma kila kitu, hadi maandishi ya kiberiti.

“Papa, unichungie ii bintu, lunette na beji. Examen ya mwisho ni kungoja.”

Djafari akangoja. Akachukua miwani aipanguse vumbi. Akaijaribu.

Mti wa ng’ambo ulikuwa na majani, moja moja. Waya wa umeme uliokuwa ukimfuata kila barabara kumbe ulikuwa ufa wa kioo cha gari lake. Mzee machozi yakamtoka, akayafuta haraka asipoteze hata dakika ya kuona. Ndipo akaisoma beji.

Akacheka. Kisha akakumbuka mafuta ya mwezi mzima, akaacha kucheka, akawasha gari.

Wiki ile wapimaji wa kweli walikuwa wamefungua kazi mjini. Djafari alisikia, akadhani ni wenzake Liévin, na kwa macho yale aliogopa kwenda. Sasa aliketi mbele yao akasoma herufi zote hadi ndogo kabisa, akaongeza na jina la aliyechapa karatasi. Wakampa kadi.

Aliporudi Karavia na abiria watatu, Liévin alikuwa getini na Chancelvie na Papa Alphonse.

“Djafari! Unaenda wapi na mutuka yangu? Na lunette yangu?”

“Tufanye kwanza examen, inspekta. Ile plaque ya kule mwisho inasema nini?”

Mchumba anatazama, baba mkwe anatazama. Liévin akakisoma kibao cha mbwa mkali bila kukwama: “‘Chien méchant. Sonnez.’”

“Muzuri. Na ii?”

Mzee alitoa beji dirishani. Mdomo wa Liévin, ambao siku zote ulitangulia kichwa, ulishaanza: “‘Mariage ya Cathy na Ruben. Protocole, table ya…’”

Papa Alphonse akainama, akaimalizia beji hiyo ya mgawa bia wa harusi: “‘…ya bière.’”

Chancelvie akarudi ndani bila kuaga.

“Macho yako iko muzima kabisa, mutoto yangu,” Djafari alisema kwa upole wa mpimaji. “Umepita. Lunette ni ya nini tena? Ville, ville! Iko nafasi moja ya kwenda mujini! Unapanda? Leo ni kulipa.”

Liévin akapapasa mifuko. Taksi ikaondoka, safari hii kwa mwendo wa watu walio hai.

Papa Alphonse alivitazama viatu vya mkwe wake, kisha akafunga geti. Kutoka Karavia hadi mjini ni mbali, na Liévin aliiona njia yote, wazi kabisa, hadi mwisho.