Sadrudin Aivamia Redieta ya Chumba cha Mama

Sogeeni, enyi wenye masikio, nanyi mlioko jikoni teremsheni sufuria mje mketi, maana leo yanasimuliwa makuu yaliyotukia Toronto, Februari ya mwaka wa tisini na sita, siku Sadrudin wa Tanga, simba wa mtaa wa Danforth, mvunja barafu za kibarazani, alipotoka kupigana na redieta. Mola aturuzuku pumzi, kwani kisa ni kizito na bomba ni jembamba.

Mama Khurshid, mamaye Gulnar mke wa shujaa, alikuwa angani akitoka Dar es Salaam, na Gulnar hakuwa amemtia machoni kwa miaka minane. Chumba alichotengewa kilikuwa cha baridi tupu, kwa sababu bomba lipelekalo maji ya moto kwenye redieta, lile dude la chuma chini ya dirisha, lilikuwa limeoza. Na kule Vaughan, kando ya Toronto, alikuwako Haider, mume wa Shahida mdogo wake Gulnar, bwana wa nyumba mpya yenye joto hadi stoo, ambaye asubuhi ile alipiga simu.

"Bhai Sadru, usijitese. Mama alale kwetu. Wewe mtu wa duka la vitambaa, mabomba utayaweza wapi?"

Sadrudin akasimama wima, ingawa simuni haonekani. "Haider! Sikia wewe, na majirani zako wasikie! Mama atalala chini ya paa hili, na nyayo zake zitapata moto, ama nisiitwe tena mwana wa Jafferali!" Akakata simu. Kisha akayaona macho ya Gulnar, na macho yale hayakuwa na mzaha.

Silaha zilikuwa zimeletwa na kaka yake Sadrudin akaaye Leicester, Uingereza, ndani ya sanduku la nguo: bomba jeupe la plastiki na viungio vya kusukuma, visivyotaka moto wala spana. Unaingiza bomba, kiungio kinalishika, basi. Shujaa akazima joto la nyumba nzima, akamwaga maji yaliyomo mabombani, akalikata lile bomba bovu kama akataye shingo ya adui. Baridi ikatamalaki, Gulnar akapika biriani amevaa koti.

Lakini loo! Sadrudin hakuviamini viungio vile. Tangu azaliwe hajaona bomba lililoungwa bila kukazwa. Marehemu baba yake alimfundisha kufunga katani kwenye maungio na kuipaka rangi ili maji yasivuje, naye alihamia Kanada na fungu la katani ya Tanga mkobani. Basi akalizungushia bomba katani, mara tatu, mara saba, akapaka rangi, akanguruma, "Ya Ali!" akasukuma kwa mikono, kwa goti, na kwa tumbo pia.

Akafungua maji. Maji yakampiga usoni, yakaliteka zulia, yakasonga mbele kuelekea kitandani.

Gulnar akaja mbio, akayafunga, akaichomoa karatasi ya maelezo ambayo shujaa alikuwa ameikalia. "Sadru, hapa wamesema usizungushe kitu. Mpira wa kuzuia maji umo ndani ya kiungio. Kata sawasawa, sukuma mpaka mwisho."

"Ewe Gulnar, malkia wa nyumba hii! Waniamrisha niitupe katani iliyoulea ukoo wangu?"

"Itupe. Nataka Mama alale kwangu." Sadrudin akaona haya kuliko alivyolowa.

Akaitupa. Akakata ncha mpya, akaifuta, akaisukuma kwa upole kama mtu mwingine kabisa. Bomba likaingia, likagota. Akalivuta, halikutoka. Wakafungua maji, wakapiga magoti wote wawili, mashavu karibu na sakafu, wakingoja tone. Dakika kumi nzima tone halikuja. Joto la nyumba likawashwa tena, redieta ikanguruma, ikapata uvuguvugu, kisha ikawaka haswa.

Jioni Haider alimleta Mama kutoka uwanja wa ndege, akasimama mlangoni na begi la Mama mkononi, hataki kulitua, tayari kumpeleka Vaughan. Mama Khurshid akaketi kitandani. Akavua koti, akavua sweta, akavua soksi, akaanza kujipepea kwa pasipoti.

"Sadru, mwanangu," akasema, "mbona mnanivundika kama ndizi? Nifungulieni dirisha."

Haider akalitua begi. Gulnar akacheka mpaka machozi yakamtoka. Na iandikwe katika tarehe za mashujaa, vizazi visome: mwezi Februari, mjini Toronto, katika nyumba ya Sadrudin wa Tanga, mama mkwe alilalamikia joto.