Kibandiko cha Jogoo

Jumatano, 5 Juni

Nimetundikwa karibu na choo. Si mimi, picha yangu: "Mtungi na Kivuli Chake". Jumba la sanaa la mtaa wetu ni dogo, lakini ukuta unaotazama mlango mkuu ulikuwapo. Amepewa shemeji, kaka wa mke wangu, seremala. Amechora jogoo mwenye miguu mitatu. Anasema wa tatu ni kivuli.

Mke wangu ameshasema neno la mwisho. Picha isiponunuliwa kufikia Jumamosi, chumba cha nyuma ninamochorea kitahamiwa na cherehani yake, ambayo sasa iko kando ya kitanda na huniumiza goti kila niamkapo. Miaka sita nachora, sijauza hata moja. Nikinyang'anywa chumba, nitachorea wapi? Jikoni?

Alhamisi, 6 Juni

Maonyesho yamefunguliwa. Ni ya kuchangia paa la jumba, linavuja. Msimamizi, mama asiyetaka mchezo, ametueleza utaratibu: picha ikinunuliwa, hubandika kibandiko chekundu pembeni yake, nayo hubaki ukutani hadi Jumamosi.

Jogoo akapata chake mapema. Nikachunguza. Watu wanazipita picha zote kama wanaowahi foleni. Wakiona wekundu, wanasimama na kuinamisha vichwa. Kumbe hawatafuti picha. Wanatafuta kile ambacho mwenzao amekiwahi.

Msimamizi alipotoka kupokea simu, nilikibandua cha jogoo, nikakibandika kwenye mtungi. Hakuna aliyeniona. Nadhani.

Ijumaa, 7 Juni

Mbinu imefaulu kupita kiasi. Watu wanatoka chooni polepole.

Mchana alikuja daktari wa meno, mama wa makamo. Akasimama mbele ya mtungi, machozi yakimlengalenga. Akasema ni mtungi wa bibi yake hasa, hata ufa wa shingoni. Kisha akaona kibandiko. Nikamnong'oneza kwamba aliyeinunua hatajali kabisa. Akanitazama kama ninayemuuzia meno ya mtu mwingine, akasema yeye hanyang'anyi cha mwenzake.

Akaenda kumnunua jogoo, ambaye kwa kukosa kibandiko alionekana hana mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Jogoo mmoja, wanunuzi wawili. Msimamizi akaamua ashindaniwe. Bei ikapanda hadi paa zima likapata mabati, na ukumbi ukampigia shemeji makofi. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya watu, kwa sababu msimamizi alikuwa ameshaanza kuuliza kibandiko kilihamaje.

Akafika kwenye mtungi. Akauliza nani ameununua, maana hana stakabadhi yake. Mke wangu alikuwa pale pale na wenzake wa kwaya, aliowaleta waone kibandiko. Taratibu mke wangu akaacha kuitazama picha, akaanza kunitazama mimi.

"Ni mimi," shemeji akasema. "Nilisahau kulipa."

Akalipa papo hapo. Mke wangu akanishika mkono mbele za watu.

Nje, shemeji akaniinamia sikioni. "Shemeji, siku nyingine jogoo wangu mwachie manyoya yake." Akasema amefanya hivyo kwa ajili ya dada yake tu, na kwamba ningekuwa mtu mwenye haya, ningemwachia chumba kwa hiari yangu.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari. Hakuna mtu atoaye fedha kwa picha asiyoipenda. Shemeji amezidiwa na kipaji changu, akatafuta kisingizio. Chumba simwachii mtu.

Maonyesho mengine ni mwezi ujao. Kosa langu lilikuwa moja: kutumia kibandiko cha mwingine. Kwa hiyo asubuhi hii nimejikatia vyangu, mviringo safi, vya kutosha picha zote, kutoka kitambaa chekundu nilichokikuta juu ya cherehani.

Mke wangu yuko mlangoni pa chumba changu. Anauliza, kwa sauti ya chini sana, nani amekata sare ya kwaya.

Hasubiri jibu. Cherehani ameibeba mwenyewe.