Ukoo Usio na Hesabu

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametuita sote chumba cha kukatia. Sanduku kubwa kama jeneza la tembo! Ndani, mashine ya kompyuta ya kukata vitambaa. Atakayeimudu vizuri ndani ya wiki mbili ndiye msimamizi wa chumba. Chumba changu! Miaka ishirini na miwili nakata sare za shule humu kwa mkasi na jicho. Nikasimama, nikawaambia mkono ni kipaji, na kipaji hakifundishwi: unazaliwa nacho au huzaliwi nacho. Mpiga pasi akapiga makofi. Lakini huyo hupiga makofi hata umeme ukirudi.

Nyumbani binti yangu ameleta mtihani wa hesabu. Thelathini na moja kwa mia. Analia. Nikamfariji: ukoo wetu ni watu wa mikono, hesabu hazimo damuni, asijisumbue. Akafunga daftari. Nikadhani nimemponya. Mke wangu alinitazama kama sufuria inayovuja.

Jumanne, 4 Machi

Mafunzo. Mama Vifungo naye kajiandikisha! Kazi yake kushona vifungo, shule aliachia darasa la nne. Maswali kama mvua: hiki nini, kile cha nini, nikibonyeza hapa je? Kabonyeza. Mashine ikakata shati la mikono mitatu. Tulicheka mpaka machozi. Yeye alianza kucheka kabla yetu, kisha akaandika kitu daftarini.

Mimi sikugusa. Asiyegusa hakosei.

Alhamisi, 6 Machi

Hila ya kwanza. Nimefunga bendeji mkono wa kulia, nikasema nimeteguka. Mgonjwa hapewi jaribio. Mwalimu wa mashine akasema hakuna shida, kidole kimoja cha kushoto kinatosha. Bosi naye, kwa huruma, akaninyang'anya mkasi mpaka nipone. Siku nzima niko kwenye stuli, mkono mzima umefungwa, unaniwasha.

Jumamosi, 8 Machi

Hila ya pili. Kitabu cha maelekezo ya mashine nimekificha chini ya marobota ya vitambaa. Hakuna aliyekiulizia! Kumbe Mama Vifungo ameandika kila kosa lake na dawa yake, tena kwa michoro, na wenzake wote wanaazima daftari lake. Mwizi gani mimi, naiba kitu kisichotafutwa?

Jumanne, 11 Machi

Binti alipita kazini baada ya shule kuchukua ufunguo. Mama Vifungo akamdaka: mwanangu, hii nukta katikati ya namba maana yake nini, mbona mashine inaandika nne nukta tano? Binti akakiri kwamba hata yeye haijui sawasawa. Wakaketi chini na utepe wa kupimia, wakaitafuta wote wawili. Wakakosea. Wakaanza upya. Baada ya saa nzima binti akapaza sauti: "Baba, njoo uone! Nimeelewa!"

Nilitaka kwenda. Kweli nilitaka. Ila angegundua kwamba nami hiyo nukta siijui. Nikainua bendeji, nikasema mkono unauma. Akageuka, akarudi kwa Mama Vifungo.

Mkono haukuuma. Kilichouma ni kingine.

Ijumaa, 14 Machi

Jaribio. Bendeji nimeivua asubuhi. Muujiza! Niliamini kipaji kitajitokeza chenyewe. Suruali arobaini. Nikabonyeza kwa madaha. Mashine ikakata mguu wa kushoto. Na mwingine wa kushoto. Vipande vyote, kushoto tupu! Hata mpiga pasi hakupiga makofi.

Mama Vifungo alikata zake polepole. Alikosea mara moja, akasimamisha, akarekebisha, akaendelea. Ndiye msimamizi.

Baadaye akanijia. "Kaka, Jumatatu njoo mapema kabla wengine hawajafika, nikuonyeshe. Mimi nimekosea mara thelathini na saba, nimezihesabu." Hakuwa na kebehi hata chembe. Afadhali angekuwa nayo! Nikamjibu nitaona.

Jumatatu, 17 Machi

Niliamka mapema. Nikafika hadi dirishani. Taa imewaka, yeye yumo ndani, ameweka stuli mbili mbele ya mashine. Anatazama mlango. Nikazunguka jengo mara tatu mpaka wenzangu wakaja, nikaingia nao. Stuli ya pili alikuwa ameshairudisha mahali pake.

Jumatano, 19 Machi

Nimerudi kutoka kazini, nainama mlangoni kuvua viatu, nikasikia sauti ya binti jikoni. Hesabu, hamsini na nane! Mama yake akacheka kwa furaha. Nami nikatabasamu peke yangu, kiatu mkononi. Kisha binti akasema: "Mama, usimwambie baba. Atasema hesabu si zetu, halafu zitanitoka."

Nikakaa sakafuni. Mtoto wangu ananificha ushindi wake kama watu wanavyoficha chakula panya asikifikie. Nikajiona nilivyo. Nikaazimia kuingia jikoni, nimwombe radhi, nimwambie baba yako alikosea, nifundishe hiyo nukta. Nikasimama. Nikashika kitasa.

Hapo nikakumbuka: babu yake mzaa mama alikuwa karani wa bohari! Basi hesabu kazitoa upande ule. Damu tu! Kumbe sikukosea kitu.

Nikavaa kiatu, nikatoka kwenda kumweleza mpiga pasi.