Uwanja wa Farasi Unauzwa, Wahi

Swafwani alipewa dili na wazee wawili wa Kizungu waliokaa kiti cha nyuma cha teksi yake, na wazee wenyewe hawakujua kwamba wametoa.

Ilikuwa mwaka 2003, safari ya kutoka uwanja wa ndege wa Dallas kwenda Denton. Wazee wamevaa kofia zile pana za wachunga ng'ombe na wanagombana njia nzima. Mmoja anasema klabu yao ya mbio za farasi imeshakufa, imebaki kuzikwa tu: wacheza kamari wamehamia kwenye makasino ya Louisiana, jukwaa linavuja, farasi wenyewe mbavu zinahesabika, na kuna kampuni inataka ile ardhi ijenge maduka, imetaja mamilioni. Mwenzake anasema mtu wa kuuza uwanja alioupenda baba yake basi amuuze na mama yake kabisa, bei iwe moja. Kura ni mwezi wa kumi. Kila mwanachama kura moja, na wakiuza, kila mwanachama fungu lake.

Swafwani kazima redio. Anaendesha polepole, shingo imerefuka kama ya twiga. Wazee wakaona wamepata dereva mwenye adabu, wakampa na bakshishi.

Huyu Swafwani ni mtoto wa Mombasa, Kibokoni, aliyeingia Houston mwaka 98. Kule aliwauzia watu fomu za bahati nasibu ya green card, fomu ambazo serikali inagawa bure, na aliwauzia kwa huruma sana. Watu wa Houston walipoanza kumuulizia msikitini kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, akapanda basi la usiku kuja Dallas. Hapa mchana anaendesha teksi na jioni ni mshauri wa uwekezaji. Anavaa suti, ananukia udi, anabeba briefcase ambayo ndani ina chaja ya simu na msuwaki.

Kanuni yake ilikuwa moja: usimbembeleze mtu. Mteja ukimkimbiza, anakimbia. Mnyime, atakufuata mpaka chooni.

Kwa hiyo hakwenda kumuuzia mtu kitu. Alikwenda dukani kwa Haitham, Mzanzibari anayeuza mazulia, tende na kadi za simu karibu na msikiti wa Richardson, akasimama katikati ya mazulia akiongea na simu iliyozimwa. Akasema kwa sauti kwamba nafasi za klabu zimebaki chache, kwamba hapana, Waafrika hawataki kuwapa, kwamba yeye mwenyewe kapenya kwa mbinde. Halafu akageuka, akamuona Haitham, akashtuka kama mtu aliyefumaniwa.

Haitham akauliza nafasi gani. Akaambiwa hayamhusu, ni mambo ya farasi, na yeye ni mtu wa ibada.

Siku tatu Haitham hakulala vizuri. Ya nne akampigia Swafwani simu mwenyewe, akiwa ameshajitolea fatwa peke yake bila kumsumbua sheikh yeyote. "Bwana we, mie sichezi kamari," akasema. "Mie nanunua mchanga. Farasi wanapita juu tu."

Akalipa. Akapewa cheti cha uanachama: karatasi nzito ya rangi ya maziwa, utepe mwekundu, na picha ya farasi aliyeinua mguu mmoja, picha ambayo Swafwani aliichukua kwenye kijitabu cha klabu na kuipeleka duka la fotokopi.

Haitham alikuwa mwepesi. Raha yenyewe ilikuwa Elibariki.

Elibariki ni wa Machame, ana digrii mbili, anafanya kazi kampuni ya simu hapo hapo Richardson. Watu wamepunguzwa kazini mara tatu na yeye bado yupo, basi anaamini kichwa chake hakiguswi. Yeye hatapeliwi, kwa sababu kila kitu anaki-analyze kwenye kompyuta. Na hili la farasi akali-analyze kweli, akatengeneza jedwali lenye rangi, likamwonyesha kwamba ataweka moja na kutoa tisa. Tatizo ni kwamba namba zote alipewa na Swafwani.

Pesa aliyotoa ilikuwa ya nyumba. Mkewe Dorothea ameikusanya miaka minne kwa kulea wazee wa Kizungu majumbani, zamu ya mchana juu ya zamu ya usiku, ili watoto watoke kwenye apatimenti ya Garland ambako jirani wa juu akioga, wao wa chini wanaoga pia. Nyumba yenyewe ameshaiona, Lewisville, ina mlango wa bluu. Elibariki alitoa yote bila kumwambia mkewe. Alitaka kum-surprise. Wanaume wenye digrii wana ugonjwa huo.

Kufika mwezi wa nane Swafwani alikuwa na wanachama kumi na wawili, na hapo ndipo vituko vilipoanza. Jumamosi moja walikwenda uwanjani kwa pamoja kukagua mali yao. Walilipa kiingilio kama watu wengine, lakini waliingia kwa mwendo wa wenye nyumba. Haitham alikuwa na kanzu na darubini. Elibariki alinunua kofia ya cowboy, na ile kofia ilipogusa kichwa tu, akili ikahama. Akaanza kusema hapana, uwanja usiuzwe, huu ni urithi. Haitham akamuuliza urithi wa nani, wa Wachaga? Wakabishana saa nzima, mmoja anataka kuuza, mwingine anataka kuhifadhi, watu wazima wawili wenye karatasi za fotokopi wakigombea ekari mia mbili za Texas. Wakaunda kamati. Swafwani akachaguliwa mlezi.

Na hapo hapo, mlezi akiwa amekaa anawacheka kimoyomoyo, kitu kikamchoma. Aliwasikia Wazungu wenyewe kwenye viti vya mbele wakisema kura ya kuuza itapita, wengi wameshachoka. Yaani pesa ya kweli inakuja, ya halali kabisa, na katika watu wote aliowapa uanachama, hakuna hata mmoja mwenye uanachama. Hata yeye hana. Alikwenda ofisini kuomba kujiunga, akaambiwa wamefunga kupokea wanachama mpaka kura ipite. Alirudi kwenye teksi mikono mitupu.

Dorothea aligundua siku aliyopeleka suti ya mumewe kwa dobi. Alitoa cheti mfukoni, akamwona farasi, na farasi huyo hakuwa mgeni kwake. Anamsalimia kila siku saa moja asubuhi. Yuko kwenye fremu juu ya kitanda cha Miss Opal, bibi wa miaka tisini na moja anayemlea Lewisville.

Hakupiga kelele. Alimuuliza Elibariki swali moja, nyumba yake iko wapi. Elibariki akafungua kompyuta amwonyeshe jedwali. Dorothea akageuza cheti upande wa nyuma, ambako kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa kulikuwa kumeandikwa kwamba karatasi hii ni ya ukumbusho tu, haina thamani. Digrii mbili, hakuna iliyogeuza karatasi. Elibariki alilala sebuleni wiki mbili, na kofia yake.

Polisi wangesema nini? Mmenunua ukumbusho, mmepewa ukumbusho.

Asubuhi yake Dorothea alipika uji wa ulezi, ambao Miss Opal amefundishwa kuupenda, akampa na habari yote. Bibi alicheka mpaka meno yakaingia kwenye bakuli. Halafu akarudia hadithi anayoisimulia kila siku, ya baba yake na ardhi ya uwanja ule, ambayo Dorothea siku zote huiitikia huku anakunja mashuka. Safari hii aliketi, akasikiliza mpaka mwisho, akaomba arudiwe mwanzo. Bibi akamwelekeza kwenye kopo la biskuti, lile la bluu ambalo dunia nzima ndani yake huwa kuna sindano na vifungo. Ndani mlikuwa na vyeti kumi vya waanzilishi wa klabu, vya baba yake, vyenye muhuri. Akasema chukua mwanangu, mimi nitunzie kiasi cha kofia mpya.

Dorothea naye hakwenda kumuuzia mtu kitu. Alikwenda kwa Haitham, saa ambayo Swafwani huwa anakunywa kahawa pale, akaomba atolewe fotokopi ya karatasi moja ya zamani. Swafwani alipouona muhuri, kahawa ikamwagikia suti.

"Shemeji, hiyo umeipata wapi?"

"Hayakuhusu, shemeji," Dorothea akasema, akaiweka kwenye pochi, akaondoka.

Swafwani alimfuata mpaka kituo cha treni. Kesho yake alimpigia simu mara sita. Siku ya tatu alikuwa nje ya apatimenti ya Garland na sanduku la maembe. Katikati ya hapo, maana yeye si mjinga kama wateja wake, alishapiga simu klabu na kusoma namba za cheti alizozidaka kule dukani, akajibiwa ni halali kabisa, vipo kumi, mwenye navyo anaweza kumwandikisha amtakaye hata sasa, na kila kimoja kina kura na fungu katika mali ya klabu. Kumi. Alikaa chini barazani.

"Niuzie shemeji," akasema. "Wallahi vyote nitachukua."

"Siuzi. Bibi wa watu kanipa zawadi."

"Wewe utavifanyia nini? Una habari na farasi wewe?"

"Sina. Wewe unayo?"

"Mimi? Hakuna kitu cha uwanja ule nisichokijua."

"Basi kama unajua kila kitu," Dorothea akasema, "mimi nikufundishe nini."

Bei ilikuwa yote. Yote aliyokusanya kwa watu kumi na wawili, na akaongezea ya teksi. Wakaenda ofisini kwa klabu mchana kweupe, wakaandikishana, katibu akagonga muhuri. Siku hiyo hiyo Dorothea alimrudishia kila mtu yake. Haitham alikatwa kidogo, ya kofia ya bibi, na faini ya ile fatwa.

Siku ya kura Swafwani alikaa mstari wa mbele, suti mpya, kura kumi mkononi. Akanyoosha mkono kwa kuuza, mara kumi. Kura ikapita. Watu wakapiga makofi, yeye akapiga zaidi. Ndipo wakili wa ile kampuni ya maduka aliposimama, uso umempauka, akasema wamekwenda kusoma kumbukumbu za ardhi wiki hii na kuna neno. Mtu aliyeitoa ardhi hii mwaka 1926 hakuiuza. Aliitoa kwa sharti: ni ya mbio, na siku itakapoacha kukimbiwa farasi, irudi kwa damu yake. Klabu haina cha kuuza ila jukwaa linalovuja.

Mtu akauliza kama damu yenyewe ipo. Huko nyuma mkono mwembamba ukapunga kutoka kwenye kiti cha magurudumu, juu yake kofia mpya ya zambarau, na nyuma ya kiti amesimama Dorothea. Bibi akasema farasi waendelee kukimbia. Na wale waliotaka uwanja ufe waone haya.

Haitham alikuja kuangalia bure, na alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Akamwinamia Swafwani sikioni. "Mtoto wa Kibokoni wewe. Nyumba ya babu yako wakfu, mmeshtakiana miaka thelathini hakuna aliyeuza hata dirisha. Umeiona ardhi kubwa imekaa katikati ya mji, hukuuliza nani katoa?"

Hakuuliza. Alichouliza ni bei.

Mtu mwingine angevichana vile vyeti na kupanda basi. Swafwani hawezi, kavinunua ghali mno. Akipiga hesabu zake anaona hivi: bibi ana miaka tisini na moja, ni wa mwisho wa damu yake, subira yavuta heri. Lakini uanachama una ada, na katiba ya klabu inasema asiyeweza ada ataifanyia kazi. Vyeti kumi, ada kumi. Kwa hiyo kila Jumamosi mlezi wa kamati yuko mazizini, anazoa mavi ya farasi kwa koleo, suruali imekunjwa magotini, udi umeshindwa.

Dorothea hupita pale akimleta bibi kwenye mbio. Siku hizi safari ni fupi, ule mlango wa bluu uko mtaa wa pili tu kutoka kwa bibi. Swafwani husimamisha koleo, akajipangusa jasho.

"Shemeji. Bibi hajambo?"

"Hajambo kabisa. Jana kala ugali mara mbili."

Swafwani huitikia alhamdulillahi, kwa shingo upande, akarudi kwenye mavi. Wosia wa bibi umeshaandikwa, tangu mwezi wa kumi na mbili, na jina lililomo, la huyo anayesukuma kiti, linajulikana nusu ya Lewisville.

Hilo nalo hajauliza.